Je, Wajua? Pawa So, Mkaratusi na Duara la Mita 40

Je, wajua kwamba mkaratusi wa mita 20 unahitaji nafasi kubwa kuliko shamba la familia nyingi za Kisii na Nyamira ili uangushwe kwa usalama?

Wakata miti waliosomea kazi hii hufundishwa kwamba mti unapoangushwa, kila asiyehusika akae mbali nao kwa umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Mti wa mita 20, umbali wa mita 40. Ukichora duara la umbali huo kuzunguka shina, unapata mita za mraba 5,000 na ushei, yaani ekari moja na robo. Sasa njoo kijijini. Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,323 hivi. Nyamira ilikuwa na watu 605,576 kwenye kilomita za mraba 897 hivi. Piga hesabu utaona kwamba duara hilo la mti mmoja, kwa wastani, ni makazi ya watu karibu watano upande wa Kisii na zaidi ya watatu upande wa Nyamira. Humo humo mna jiko, zizi, migomba, kijia cha watoto wa shule, na mara nyingi waya wa stima unaokatiza juu ya paa.

Kwa hiyo kuangusha mti Gusii, yaani huku Kisii na Nyamira, ni kazi nyeti kuliko kuuangusha katikati ya msitu. Msituni mti ukikosea njia huangukia miti mingine. Hapa hakuna upande usio na mwenyewe. Hata hivyo, vijana wengi wanaoikamata pawa so, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, kwenye vilima vyetu wamejifunza kwa kumtazama mwenzao, kisha siku moja wakakabidhiwa mashine. Ukweli huo ndio ulionituma kutafuta ni wapi duniani kazi hii imewekewa ngazi za mafunzo. Jibu nililipata kwenye moto.

Je, wajua kwamba mzimamoto wa nyikani huenda akashinda kutwa akikata miti bila kumwagia moto hata tone la maji?

Moto wa msituni huzimwa zaidi kwa kuunyima chakula kuliko kwa maji. Kikosi hutangulia mbele ya moto na kufyeka ukanda hadi udongo mtupu uonekane, ili moto ukifika hapo usikute cha kula. Mwenye msumeno hutangulia, akikata vichaka na miti. Nyuma yake yuko msaidizi anayevuta matawi na kuyatupa upande wa pili, na ambaye pia humwangalizia hatari zilizo juu. Wenye majembe hufuata. Moto ukishapita, kazi ya msumeno inaendelea: miti iliyoungua mizizi au kutoboka ndani hubaki imesimama, na inaweza kuanguka ghafla bila upepo wala mlio. Lazima mtu aiangushe kabla haijawaangukia wenzake, na mtu huyo anakaribia mti ambao haujulikani umebakiwa na nguvu gani ndani yake.

Kwa sababu hiyo, kwenye vikosi vya serikali kuu ya Marekani, hata aliyezaliwa na kukulia kwenye biashara ya mbao haruhusiwi kutumia msumeno kazini bila kusimamiwa kabla hajapata cheti. Kwanza hupimwa mwili: atembee kilomita 4.8 akiwa na mzigo wa kilo 20 mgongoni, amalize ndani ya dakika 45, bila kukimbia. Kisha huhudhuria kozi inayojulikana kwa namba, S-212, darasani na msituni. Baadaye hupewa kitabu cha kazi. Kila jambo lililoandikwa humo, kuanzia kunoa cheni hadi kuusoma mti ulioinama, hulitenda mbele ya mkaguzi mwenye ujuzi, na mkaguzi hutia sahihi akiridhika. Ngazi ni tatu. Ya kwanza huitwa FAL3, inafuata FAL2, na ya juu kabisa ni FAL1. Kinachomtofautisha wa chini na wa juu ni ugumu wa mti anaoruhusiwa kuugusa: umeinama kiasi gani, umeoza ndani au la, uko kwenye mteremko gani, umenaswa na mwenzake au uko huru. Huduma ya Misitu ya Marekani hutaka cheti kipatwe upya baada ya miaka 3, na anayekwenda kukipata upya huonyesha tena kazi yake porini.

Kuna fundisho moja humo ninalolithamini kuliko yote. Mwangushaji hufundishwa kwamba ana haki ya kuukataa mti. Akiutazama akaona unamshinda, anausema ukweli huo, anaufunga utepe ili wengine wasiukaribie, na anaondoka. Hakuna msimamizi anayeruhusiwa kumshurutisha. Kijana wetu anayelipwa kwa mti mmoja mmoja, huku mwenye shamba amesimama na pesa mkononi na lori linanguruma barabarani, anahitaji haki hiyo kuliko mtu yeyote.

Je, wajua kwamba mti uliotapakaa Gusii nzima ni miongoni mwa miti inayowaka vibaya zaidi duniani?

Majani ya mkaratusi yana mafuta, na magome ya baadhi ya aina zake huning'inia kama vitambaa vikavu ambavyo upepo huvirusha vikiwa vinawaka. Asili yake ni Australia. Huko mwezi Februari mwaka 2009 moto wa siku moja iliyobatizwa Jumamosi Nyeusi uliua watu 173 katika jimbo la Victoria. Ureno nayo iliipanda mikaratusi kwa wingi kwa ajili ya viwanda vya karatasi, na mwezi Juni mwaka 2017 moto wa Pedrógão Grande uliwaua watu 66, wengi wao wakiwa ndani ya magari barabarani.

Gusii husalimika kwa sababu ya mvua. Vilima vyetu hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi usio na mvua kabisa. Nyasi hazikauki vya kutosha, na mashamba ya chai, migomba na mahindi yameikatakata miti kuwa vipande vidogo. Moto mkubwa wa misitu wa Kenya huzuka kwingine, hasa kati ya Januari na Machi: ule wa Mlima Kenya wa Machi 2012 ulikula maelfu ya hekta. Katika moto wa namna hiyo askari wa misitu na wanakijiji huingia na mapanga, majembe na matawi mabichi ya kupigia ndimi za moto. Pawa so iliyo mikononi mwa aliyefundishwa ingewafungulia ukanda kwa muda mfupi zaidi.

Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902, kwa ajili ya kuni za treni kwenye reli ya Uganda. Treni ziliacha kuni zamani, lakini boila za viwanda vya majani chai hazikuacha. Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi na Tombe upande wa Nyamira, Ogembo, Nyamache, Itumbe na Kiamokama upande wa Kisii: vyote vinahitaji mvuke wa kunyaushia na kukaushia majani, na mvuke huo hutokana na kuni. Ongeza nguzo za stima, mbao za kujengea na miti ya kuegemeza zege kwenye maghorofa ya mji wa Kisii, na utaelewa kwa nini mlio wa pawa so haukosekani bondeni. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na kwenye chemchemi kwa sababu ya kiu yake. Agizo lilikuwa la haki kwa mito, lakini lilimaanisha pia kwamba mamia ya miti mikubwa ilipaswa kukatwa mahali pabaya kabisa pa kusimamisha miguu: kwenye ukingo wenye utelezi, na mteremko mgongoni.

Je, wajua kwamba msumeno wa mnyororo ulianzia kwa madaktari?

Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walibuni mnyororo mwembamba wenye meno, unaovutwa kwa mkono huku na huku, wa kukatia mifupa. Ulitumika hata kupanua nyonga ya mama aliyekwama katika uzazi, enzi ambazo upasuaji wa kumtoa mtoto ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Mashine ya msituni ilikuja miaka ya 1920 huko Ujerumani, kwa Andreas Stihl na Emil Lerp, nayo ilikuwa nzito hadi ikabebwa na watu wawili.

Shida kubwa iliyobaki ilikuwa meno. Yalikwaruza mti kama msumeno wa kawaida na kuisha makali upesi. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon aitwaye Joseph Buford Cox aliona kwenye kisiki buu la mbawakawa likila mti kwa urahisi, likienda na nyuzi za mti na kuzikatiza vilevile. Akazichunguza taya zake, moja kushoto na moja kulia, zikipishana. Alitengeneza cheni ya meno yaliyopindika kwa mfano huo, na mwaka 1947 akaanza kuiuza. Itazame cheni ya pawa so yoyote pale Keroka au Suneka: jino la kushoto, jino la kulia, jino la kushoto, jino la kulia. Ni taya za lile buu.

Je, wajua kwamba mti hauangushwi kwa kuukata wote?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mti ulioangushwa kitaalamu hukatwa mara tatu, na katikati huachwa sehemu isiyoguswa kabisa. Mikato miwili ya kwanza hutoa kipande mfano wa kabari upande ambao mti unatakiwa kuangukia. Huo ndio mdomo. Kina chake ni kati ya sehemu moja ya tano na sehemu moja ya tatu ya unene wa shina, si zaidi. Mkato wa tatu huingia kwa nyuma, ukilala sawa, juu kidogo ya kona ya mdomo. Lakini haufiki kwenye mdomo. Baina yake na mdomo huachwa ukanda wa mti mzima ambao hufanya kazi ya bawaba: mti unapoinama, ukanda huo hujikunja na kuuelekeza, kisha hukatika ukiwa karibu na ardhi. Kwa mti wa unene wa sentimita 30, bawaba inapaswa kuwa na unene wa sentimita 3 na kushika sehemu kubwa ya upana wa shina.

Anayeikata bawaba yote ameutupa usukani. Mti hauna tena kitu cha kuushika. Utageuka kwenye kisiki na kwenda kule unakotaka uzito na upepo. Nimeviangalia visiki vingi kwenye mashamba yetu, na ukijua la kutafuta, kisiki hukusimulia kila kitu: kilicho laini kote, bila ule ukanda wa nyuzi zilizochanika katikati, ni cha mti ulioanguka kwa bahati.

Mkaratusi una ubaya wake wa pekee. Shina lake linapokua hujiwekea mvutano mkubwa: sehemu ya nje inavutwa, ya ndani inabanwa. Ndiyo maana gogo la mkaratusi hupasuka kwenye ncha punde tu likikatwa. Sasa chukua mkaratusi ulioinama, kama ile inayoelekea bondeni ikitafuta jua. Ukiukata kwa nyuma taratibu, mvutano humshinda mkataji mbio: shina hupasuka kwa wima kabla mkato haujamalizika, nusu ya nyuma huruka juu kwa kishindo na kurudi kule alikosimama mtu. Wapo wakataji duniani waliokufa papo hapo kwa namna hiyo. Mti kama huo waliofundishwa huukata kwa kuchoma. Baada ya kufungua mdomo, huingiza ncha ya msumeno katikati ya shina nyuma ya bawaba, hukata kurudi nyuma, lakini huacha kipande cha mwisho cha gome na mti kimeushikilia mti kwa nyuma. Wakishajitayarisha kuondoka, hukikata kipande hicho, na mti huenda mara moja bila kupasuka.

Kuchoma nako kuna hatari yake. Robo ya juu ya ncha ya bamba linalobeba cheni ndiyo sehemu ya kuogopwa katika mashine nzima. Ikigusa mti, cheni hushika na kulirusha bamba juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeishika. Cheni inakwenda kwa mita 20 au zaidi kila sekunde, na pigo hilo humalizika kabla ubongo haujapata nafasi ya kuamuru mkono. Breki ya cheni iliyo mbele ya mpini iliwekwa kwa ajili ya sekunde hiyo. Fundi anayeing'oa kwa sababu inamsumbua anang'oa kitu pekee kinachowahi kufanya kazi kabla yake.

Mti ukianza kwenda, mkataji huondoka. Hasimami kuutazama unavyoanguka. Njia yake ameifyeka kabla hajawasha mashine: inarudi nyuma kwa mshazari, mbali na upande wa anguko na mbali na mstari wa nyuma kabisa, kwa kuwa shina huweza kurudi juu ya kisiki na kumpiga kifuani. Na asidhani ana muda mwingi. Kwa hesabu ya fizikia, ukiacha upinzani wa hewa, ncha ya mti wa mita 20 hufika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa, ambao ndio upeo ulioruhusiwa wa matatu kwenye barabara kuu. Mti huo ukiwa mbichi, na unene wa sentimita 30, una uzito unaozidi nusu tani.

Neno moja kuhusu kamba. Gusii miti mingi ya karibu na nyumba huvutwa kwa kamba na vijana kadhaa. Si vibaya, lakini kamba ikiwa fupi kuliko mti, wavutaji wamesimama mahali ambapo mti utalala. Iwe ndefu kuliko mti, au ipitishwe kwenye shina la mti mwingine ili wavute wakiwa pembeni.

Je, wajua kwamba kabari ya plastiki inayotoshea mfukoni huweza kuugeuza mti?

Hupigwa kwa nyundo kwenye mkato wa nyuma, ikauinua upande mmoja kwa milimita chache. Milimita hizo chache kwenye kisiki huwa nusu mita na zaidi kileleni, na uzito wote wa mti ukahamia upande mwingine. Hutumika plastiki au mbao ili cheni ikigusa isiharibike. Wa kwetu wengi hutumia panga au kipande cha chuma.

Je, wajua kwamba dakika chache za pawa so zinatosha kuanza kuyadhuru masikio?

Mashine hii hutoa sauti ya desibeli 100 hadi 115 karibu na sikio la mwendeshaji. Wataalamu wengi huhesabu kwamba sikio lisilokingwa linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu kwa siku. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na mafunzo. Mwajiri wa siku moja shambani naye ni mwajiri.

Kuhusu mikono: mtikisiko wa miaka mingi huua mishipa midogo ya damu, na vidole hugeuka vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi. Daktari Alice Hamilton aliueleza ugonjwa huo mwaka 1918 alipowachunguza wachonga mawe wa Indiana waliotumia nyundo za hewa. Wachongaji wa mawe wa Tabaka wanaoingia kwenye mashine za umeme wanafaa kuujua vilevile.

Suruali ya kinga ya mkata miti, kwa upande wake, haizuii cheni kwa ugumu. Ndani ina matabaka ya nyuzi ndefu ambazo cheni ikizigusa huzivuta, zikajisokota kwenye gurudumu linaloiendesha, na mashine ikasimama kabla haijafika kwenye mfupa. Gambuti na suruali ya jinzi hazina uwezo huo.

Je, wajua kwamba karibu robo ya gogo huishia kuwa unga?

Cheni hukata njia pana, kama milimita 8. Anayepasua mbao za inchi moja, yaani milimita 25, kwa pawa so, hupoteza milimita 8 kwa kila ubao. Hiyo ni karibu robo ya mti, mbali na maganda na ubao uliokwenda upande. Msumeno wa ukanda wa kiwandani hula milimita 2 au 3 tu. Mkulima aliyengoja miaka kumi na mitano mti ukomae anapaswa kuijua hesabu hiyo kabla hajakubali bei.

Na kwa anayetaka kisiki kichipue tena, kwani mkaratusi huchipua wenyewe na kuokoa gharama ya miche: kikatwe chini, kama sentimita 10 kutoka ardhini, kwa mkato safi ulioinama kidogo ili maji yasitulie juu yake. Machipukizi hutoka chini ya gome. Gome likichanika kwa mti kupasuka, mavuno yanayofuata yamepungua.

Je, wajua kwamba huhitaji kwenda Marekani kuisomea kazi hii?

Londiani, katika Kaunti jirani ya Kericho, kuna Chuo cha Misitu cha Kenya, ambacho kimewafunza maofisa na askari wa misitu tangu mwaka 1957. Nakuru kuna kituo cha mafunzo ya viwanda vya misitu, ambako hufundishwa ukataji wa magogo, upasuaji wa mbao na utunzaji wa misumeno. Kote kuwili ni safari ya siku moja kutoka Nyamira. Kinachokosekana ni mazoea ya kumuuliza mkata miti cheti. Dereva wa bodaboda huulizwa leseni, fundi wa stima huulizwa leseni. Mwenye pawa so huulizwa bei.

Serikali imeshughulikia zaidi swali la mti gani ukatwe. Februari 2018 ukataji ulisimamishwa katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku iliyotangazwa na William Ruto akiwa Naibu wa Rais, na ambayo yeye mwenyewe, akiwa Rais, alitangaza kuiondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo mahitaji ya mbao hayakusimama, na sehemu kubwa ilijazwa na miti ya mashamba ya watu. Mzigo wa miti nao hauwezi kusafirishwa kihalali bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Kwa hiyo gogo la mkaratusi lina karatasi yake likipanda lori, na aliyeliangusha hana.

Wenzetu wa Afrika Kusini walithubutu. Mpango wao uitwao Working on Fire, ulioanza mwaka 2003, huwachukua vijana wasio na ajira na kuwafunza kuzima moto wa nyika, pawa so zikiwa sehemu ya mafunzo hayo. Mwaka 2016 vijana wake karibu 300 walisafirishwa hadi Alberta, Canada, kusaidia kuuzima moto wa Fort McMurray. Walitua uwanjani wakiimba.

Na ndugu zetu wengi walioko Minnesota wana jirani mwenye habari ya kushangaza. Katika hifadhi ya Boundary Waters, kaskazini mwa jimbo hilo, sheria ya mwaka 1964 ya nyika zisizoguswa inazuia misumeno ya injini ila kwa ruhusa maalumu. Walinzi wa hifadhi hufungua njia kwa msumeno mrefu wa mkono unaovutwa na watu wawili, unaofanana na ule ambao wazee wetu walipasulia mbao juu ya shimo. Na kwa msumeno huo wa mkono pia hutakiwa cheti, tofauti na kile cha mashine.

Je, wajua kwamba vikosi vya zimamoto vya nyikani Marekani hutakiwa kujibu maswali matatu kabla ya kuanza kazi?

Tarehe 25 Julai 2008, kwenye moto mmoja kaskazini mwa California, mzimamoto wa miaka 18 alipondwa mguu na kipande cha mti kilichodondoka baada ya mti mwingine uliokuwa ukiangushwa kuugonga. Alivuja damu nyingi. Kumtoa msituni kulichukua saa kadhaa, na hakupona. Uchunguzi wa kifo hicho ulizaa utaratibu unaoitwa Dutch Creek, na kiini chake ni maswali haya. Mmoja wetu akiumia, tutafanya nini? Tutamtoaje hapa? Itachukua muda gani kumfikisha hospitalini?

Yajibu ukiwa shambani Kiamokama au Kiabonyoru, saa tisa alasiri, mvua ikijikusanya. Jibu la kwanza linahitaji mtu mmoja anayejua kukaza kitambaa juu ya jeraha la paja na kutokifungua, na kitambaa chenyewe kiwe karibu, si nyumbani. La pili linahitaji machela, hata ya magunia na fito mbili, na kijia kilichofyekwa kutoka kisikini hadi barabarani kabla ya mti wa kwanza. La tatu linahitaji kujua mapema iwapo gari litaupanda mteremko huo mvua ikishanyesha, na kama ni Nyamira mjini au Hospitali ya Rufaa ya Kisii iliyo karibu. Gari liegeshwe likitazama barabara, nje ya zile mita 40. Dereva wake asiwe mmoja wa wavutaji wa kamba.